Kengele ya Nne

Kwa mwaka mmoja na nusu nilipiga kengele ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia. Nikisema hivyo watu wa mjini hunitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, lakini kijijini kwetu Combe Yarrow hakuna aliyeona ajabu. Vita vilipopamba moto, serikali ilipiga marufuku kengele za makanisa yote. Zingelia tu siku Wajerumani watakapoanza kudondoka kutoka angani na miavuli yao. Vijana waliokuwa wakizipiga wakachukuliwa jeshini. Akabaki Mzee Ambrose Pook, mkuu wa mnara wa kengele, miaka sabini na moja, sikio moja limekufa kwa kelele za kengele, ameshika funguo na hana watu.

Alitukubali wanawake shingo upande. Tulikuwa watatu, na wote wageni: mimi niliyeolewa hapo, mwalimu aliyekuja na watoto waliokimbia mabomu ya Bristol, na Queenie, msichana wa London aliyeletwa na serikali kukamua ng'ombe baada ya vijana wa shamba kwenda vitani. Tukiongeza Mzee Pook na wazee wenzake wawili, tukatimia sita, mmoja kwa kila kengele.

Tulijifunza kwa kengele zilizofungwa ndimi. Ule ulimi wa chuma ndani ya kengele unafungwa kwa ngozi na magunia. Kengele inabembea kama kawaida, kamba inapanda na kushuka, ila mlio hakuna. Mzee Pook alihesabu, "Moja! Mbili! Tatu!" na kila mtu akakazia macho kamba ya mwenzake ili ajue zamu yake. Nilipenda, siwezi kudanganya. Baada ya kutwa nzima ya kung'oa mizizi ya tanipu kwenye matope, ile saa moja ya mnarani ilikuwa yangu.

Kamba yangu ilikuwa ya nne, aliyokuwa akiivuta mume wangu Reuben, na kabla yake baba yake. Reuben alikuwa Misri na kikosi cha vifaru, na barua yake ya mwisho aliiandika Septemba. Mimi niliishi na mama yake, Kezia Tapscott, mwanamke mfupi mwenye nyonga mbovu na mdomo mzima kabisa. Hakunichukia. Alikuwa bado hajaamua tu.

Novemba ile redio ikatangaza kwamba tumeshinda Misri, na kwamba Jumapili asubuhi kengele zote nchini zitapigwa kushangilia. Kijiji kilichanganyikiwa kwa furaha. Queenie alitoka mbio zizini na ndoo mkononi, akambusu hata mchinjaji, mtu ambaye hakuna aliyewahi kufikiria kumbusu. Mimi nilikimbia nyumbani na kumkuta mama mkwe anamenya viazi.

"Kwa hiyo mtapiga," akasema.

"Tutapiga, Mama."

"Na ya nne?"

"Nitaipiga mimi."

Akaweka kisu chini. "Wee Hester, una habari yoyote ya Reuben?"

"Sina."

"Basi unashangilia nini? Vita hivyo mnavyovipigia kengele, mume wako alikuwa ndani yake. Pengine sasa hivi amelala mchangani, halafu mkewe yuko mnarani anarukaruka na kamba kama yuko harusini! Usiiguse kengele ile mpaka tupate barua."

Nilikwenda kwa Mzee Pook nikiwa sijui hata ninachotaka aniambie. Alinisikiliza kwa lile sikio zima.

"Mimi sipigi kengele zenye pengo," akasema. "Nikimkosa wa nne, nitawaita wapigaji wa kijiji cha jirani, wanaume sita kamili. Nyinyi mtakaa chini muwasikilize. Chagua, bibie."

Nilichagua kupiga. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeamka na hofu, nikala nayo, nikalala nayo, na hakuna siku hata moja iliyomsaidia Reuben kwa lolote. Nilitaka saa moja ya furaha hata kama ni dhambi. Jumapili asubuhi nilimuaga Mama, akageuzia uso dirishani. Nilitoka hivyo hivyo.

Tulishika kamba. Mzee Pook akatoa amri, tukavuta, na kelele ikatuangukia.

"Mama yangu weee!" Queenie akapiga yowe, bila kuachia kamba.

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba sakafu itatetemeka, wala kwamba sauti itaingia mpaka kwenye meno. Nililia na kucheka kwa pamoja. Macho yangu hayakutoka kwenye kamba ya tatu, na kila iliposhuka nami nikavuta, sawasawa kama tulivyofundishwa. Mzee Pook alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wale wazee wawili walikuwa wanahangaika kupumua tu.

Tulipiga hivyo kama dakika kumi. Ndipo mlango wa ngazi ukaanza kugongwa kwa fimbo, na kabla hujafunguliwa vizuri akaingia mama mkwe wangu. Tangu Pasaka alikuwa hajavuka geti la nyumba. Alikuwa na ndara miguuni, aproni yenye unga, na kofia ameivaa mbele nyuma.

"Simamisheni!" akafoka. Tukasimamisha. "Nani kamnyamazisha mwanangu?"

Hakuna aliyemwelewa.

"Nimekaa nimeziba masikio nisisikie, na bado nikasikia. Moja, mbili, tatu, kimya, tano, sita! Moja, mbili, tatu, kimya! Kijiji kizima kimesimama barabarani kinasikiliza kimya cha Reuben. Mchinjaji amevua kofia, ameanza kunipa pole! Wee Ambrose, umekuwa kiziwi au umekufa?"

Mzee Pook akamgeukia Queenie. "Si wewe ulifungua ulimi wa ya nne jana?"

"Mimi? Babu, mimi nilifungua moja mpaka tatu. Ulisema zilizobaki ni zako."

"Nilisema tano na sita ni zangu!"

"Basi ya nne uliipangia nani, malaika?"

Mama alikuwa ameshanigeukia mimi. "Na wewe unavuta kamba dakika zote hizo, hujui kama kengele yako haina sauti?"

"Ningejuaje, Mama? Sijawahi kuisikia. Nilikuja hapa zimeshanyamazishwa. Hata kwenye harusi yetu hazikulia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Queenie alipanda juu na kisu, akashuka na gunia mkononi na utando wa buibui kichwani. Mama akajiketisha kwenye benchi, akaisimamisha fimbo katikati ya magoti yake.

"Pigeni," akasema.

"Lakini ulisema tusubiri barua."

"Najua nilichosema! Nilidhani kuisikia ndiko kutaniumiza. Kumbe kutoisikia ndiko siwezi. Piga, binti, na utazame mbele."

Tukaanza upya. Kengele yangu ilipolia nilishtuka nikachelewa, ikaangukia juu ya ya tano. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu vilevile.

"Nne!" Mama akapiga fimbo sakafuni. "Umelala? Nne! Umechelewa! Nne!"

Kisha ikakaa mahali pake. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, na yenye mkwaruzo, kama Reuben anavyoongea asubuhi kabla ya chai. Nilivuta karibu saa nzima, mikono ikaota malengelenge, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mahali popote. Huko chini watu waliimba na kukumbatiana barabarani, na mchinjaji akavaa kofia yake. Mama hakuacha kuhesabu mpaka pigo la mwisho, uso wake wote umelowa machozi.

Barua ilifika Ijumaa ya wiki ya pili. Reuben alikuwa hai. Mkono wake mmoja uliungua lakini unapona, na malalamiko yake yote yalihusu nzi. Tulipiga vigelegele pale mlangoni mpaka aliyeleta barua akalowa machozi yeye pia. Mama aliisoma akiwa amesimama, akairudia, akaikunja, akanisukumia kalamu.

"Andika. Mwambie kengele yake imelia."

Nikaandika.

"Mwambie mapigo matatu ya mwanzo mkewe aliyaharibu. Asije akadanganywa na mtu."

Nikaandika hilo pia, nikicheka.

Akarudi kwenye viazi vyake. Alimenya kimoja, akakitia kwenye maji, akachukua kingine.

"Halafu mwambie akirudi atafute kamba nyingine," akasema bila kuniangalia. "Ya nne ina mwenyewe."