Nyongeza ya Bibi Kizzy

Bibi Kizzy hamkumbuki tena mama yake, na aliyemponza ni Respicius, mhudumu wa maegesho ya magari chini ya uwanja wa soko, Alexandria ya Marekani.

Hakukusudia. Kila Jumamosi, soko likiwa wazi, bibi huyo wa miaka themanini na mmoja alikuwa akimshushia kahawa na kujizoeza Kiswahili alichojifunza ujanani kwenye darasa la jioni. Alimsimulia mji ulivyokuwa tangu zama za Waingereza walioanzisha soko: akina nani waliuza pale, na akina nani waliuzwa. Mama yake aliuza mayai na mapichi kwenye kona moja miaka thelathini, mpaka mtaa wao ulipobomolewa nao wakahamishwa. Sasa kulikuwa na mpango wa kuweka kibao cha shaba chenye majina ya wauzaji wa zamani. Bibi alitaka jina moja tu liwemo.

Watu wa ofisi ya historia ya mji, wenye mpango huo, walidai kumbukumbu saba kwa kila jina. Fomu ilieleza wazi kwamba kumbukumbu ikishatolewa hairudi. Bibi alisaini, na Respicius akampeleka kwa gari lake Jumanne, siku yake ya mapumziko.

Karani aliitwa Kiah, binti mpole mwenye mizani mezani. Bibi alisimulia kaa wa jirani waliokuwa wakitoroka ndoo. Kaa mmoja akatokea mezani, akitembea kiubavu. Kiah akampima, akaandika, akamfungia kwenye boksi. Zikafuata ngazi za jikoni, kengele ya muuza barafu, na nyingine za aina hiyo. Bibi alikuwa anatoa zilizobonyea na kubakiza nzuri. Respicius aliliona hilo, akaona aibu.

Kwao Bukoba mama yake aliuza maharage. Alimlea akijua kuwa muuzaji anayejaza kopo bila kuongeza kiganja juu yake ni mchoyo, na wateja hawamrudii.

"Bibi, tia na nyongeza," alisema.

Kiah aliuliza kwa Kiingereza anasemaje. Bibi alipomtafsiria, Kiah alijibu kwamba saba zimetosha.

"Kwetu hatupimi hivyo," Respicius akashikilia. "Waongezee, bibi, wasije wakakusahau."

Bibi akacheka. "Wewe ni mtu wa soko kweli. Haya, mwanangu, moja ya juu."

Akasimulia asubuhi ambayo mama yake alimkalisha juu ya kreti na kumfundisha kuandika jina la kwanza maishani mwake. Halikuwa lake. Lilikuwa la mama: Luvenia. Mezani pakawa na kipande cha chaki. Mshale wa mizani haukusogea. Kiah akakifungia hivyo hivyo.

Kumbukumbu nyingine zote za mama zilikuwa zimeshikana na hiyo. Ukikata mkungu, huchagui ndizi ipi ibaki mgombani.

Njiani wakirudi, bibi aliuliza walikuwa wamekwenda kwa ajili ya nani. Respicius akamtajia.

"Jina zuri," bibi alisema. "Ni ndugu yako?"

Kibao kilizinduliwa Mei. Kina majina kumi na mawili, yote ya wenye maduka, na chini yake neno "wengineo." Respicius alikwenda kuuliza. Walimwambia nafasi ilikuwa finyu, maboksi yametunzwa vizuri, na mwenyewe hajalalamika. Ni kweli, hajalalamika.

Bibi bado hushuka na kahawa Jumamosi. Kabla ya kuionja, Respicius humtajia jina lile, naye humsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa watu asiowajua.

Vilivyobaki ofisini kwa jina la Bibi Kizzy ni hivi: kaa mmoja, ngazi tatu, kengele, mbwa asiye na mkia, baiskeli ya kaka yake, trei ya mayai yaliyopasuliwa na mvua ya mawe, na aproni ya jirani. Saba. Na kipande cha chaki, ambacho hakuna aliyekiomba.