Maneno ya Mwisho ya Pasta Éliézer

Mume wangu alifariki Alhamisi mchana, na kufikia Jumapili karibu kundi lake lote lilikuwa limejifungia sebuleni kwangu, pale Saint-Gilles, huku kwa Wabelgiji, mapazia yamevutwa, simu zimezimwa, utadhani sisi ndio tuliomuua.

Sababu ilikuwa aibu. Walikuwa wameutangazia mji mzima kwamba Pasta Éliézer Banza hafi. Ndugu Ghislain, msaidizi wake, aliyasema hayo kwenye ukurasa wa kanisa mtandaoni, uso umejaa jasho na imani. Maman Michelle, mkuu wa waombaji, aliwaambia wanawake wa Chaussée d'Ixelles, mbele ya duka la samaki wa chumvi, kwamba madaktari waseme wasemavyo, Pasta atatoka hospitalini kwa miguu yake. Alitoka amefunikwa shuka.

Basi nani tena angethubutu kupita mbele ya wale wanawake? Ghislain, mtu mzima na kitambi chake, akawa anashuka kituo cha nyuma na kuzunguka vichochoroni ili wasimwulize Mungu wake amesema nini safari hii. Makanisa mengine ya Wakongo yalikuwa yanatucheka chinichini. Kengele ya mlango ikilia, sebule nzima inanyamaza. Mara moja alikuwa mleta pizza aliyekosea ghorofa, na Maman Michelle alikuwa ameshajificha jikoni.

Mimi sikuwa na nafasi ya aibu. Nilikuwa na swali moja, nalo halikuniacha nile wala nilale: Éliézer alisema nini mwisho?

Maana mimi, mke wake, sikuwepo chumbani. Nilikuwa hospitalini, ndiyo, lakini koridoni. Asubuhi ile machozi yalinitoka mbele ya kitanda, na Maman Michelle akanishika bega akanisukuma taratibu hadi nje.

"Maman Pasteur, machozi inafungulia kifo mulango," aliniambia. "Ukae inje kwanza. Bon, sisi tutapigana."

Hayo ndiyo tuliyokuwa tumefundishwa. Kwetu, mwenye imani halii, hatamki kifo, na zaidi ya yote haagi. Kuaga ni kukubali. Siku chache kabla ya kulazwa, Éliézer mwenyewe alijaribu. Tulikuwa mezani na viongozi wote. Aliweka kijiko chini akasema anaona siku zake zimekaribia, na kuna mambo angependa kutuachia. Ghislain aliruka kutoka kwenye kiti.

"Pasteur, hapana! Usitamuke hiyo maneno! Tunakataa!"

"Tunakataa!" wakaitikia wote, wengine midomo imejaa chakula.

Éliézer aliwatazama mmoja mmoja. Halafu akaokota kijiko chake na kuomba pilipili. Mafundisho yalikuwa yake mwenyewe. Alipotaka kuyatoroka, wanafunzi walikuwa wameshayajua vizuri mno.

Kwa hiyo Jumapili ile, sala ilipokwisha, niliwauliza. Nilijua walikuwa wamekizunguka kitanda tangu asubuhi hadi roho ilipotoka. Ghislain akakohoa kidogo, akanyoosha tai.

"Maman Pasteur, alinishika mukono. Alisema: Ghislain, kundi iko yako sasa. Uichunge."

"Toka lini?" Maman Michelle akamgeukia. "Mi nilikuwa pale pale. Alisema anaona mwangaza. Donc alitaka tufunge njaa mwezi muzima juu ya kanisa."

"Mwangaza gani? Macho yake ilikuwa imefungwa!"

"Kama macho ilikuwa imefungwa, wewe alikuona namna gani?"

Wakabishana hadi chai ikapoa. Nilikaa katikati yao na sahani ya mikate, nikiona wazi kwamba kila mmoja amejishonea neno la mwisho linalomtosha mwilini. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameogopa, na mtu mwenye hofu hushika cha kwanza kilicho karibu. Lakini nilikasirika, na hasira ile sikuimeza. Niliwaambia nendeni. Wakaenda kweli. Ghislain alichukua nusu yake akafungua ibada katika ukumbi mmoja karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Maman Michelle akaihamishia nusu yake kwa kanisa kubwa la Anderlecht, lenye ngoma na taa za rangi. Hakuna aliyeuliza kama Maman Pasteur anahitaji mtu wa kukaa naye.

Mwili ulikuwa umekwenda Likasi, nyumbani kwao. Familia yake waliutaka, na walikuwa na haki. Mimi nilibaki, kwa kuwa kadi yangu ya ukaazi ilikuwa inasubiri kufanywa upya, na bila kadi ukitoka huna uhakika wa kurudi. Maziko niliyatazama jikoni, simu nimeiegemeza kwenye pakiti ya sukari. Mtandao ulikatika kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Uliporudi, watu walikuwa wanakula.

Niseme wazi, nilikuwa mpweke mpaka nikawa nawasha redio ya Kiflemi, lugha nisiyoielewa hata kidogo, ili tu kuwe na mtu anayezungumza nyumbani. Mkono ulikuwa umezoea kusonga bukari, ule ugali wetu, wa watu wengi. Nikawa nakula kiporo wiki nzima. Jumapili nilivaa, nikachana nywele, nikakaa kwenye kochi na mkoba wangu mapajani, kisha nikavua. Nilimkasirikia Ghislain, nikamkasirikia Michelle, na siku nyingine nilimkasirikia Éliézer mwenyewe: kwa nini aliomba pilipili badala ya kutuaga?

Nikawa nawafikiria wale wanafunzi wa kwanza, waliojifungia ndani Bwana wao alipouawa. Wahubiri wote wanaikimbilia Jumapili asubuhi, jiwe limeviringishwa, haleluya. Jumamosi yao hakuna anayeihubiri. Éliézer naye aliiruka kila Pasaka. Lakini ile ilikuwa siku nzima. Waliamka, wakanawa uso. Walikula nini? Walitazamana vipi, kila mmoja akijua mwenzake alikimbilia wapi? Na mama wa huyo Bwana, alikuwa amekaa chumba gani, na nani aliyethubutu kumsogelea? Hawakujua kwamba kesho kuna habari. Kwao ilikuwa imekwisha. Mimi nilikuwa ndani ya Jumamosi hiyo, nayo haikuwa na dalili ya kwisha.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipofika, Madame Lutgarde wa ghorofa ya chini alinigongea. Ni Mbelgiji mzee, mjane, aliyeishi kule kwetu, Kolwezi, na mume wake Georges enzi za ujana wao. Ni Mkatoliki wa rozari mkononi, na viongozi wetu walikuwa wakimpita kwenye ngazi kama wanapita moto. Mlangoni alisimama na vyungu viwili vya maua ya krisanthemu, kila mkono kimoja.

"Madame Banza, leo Wabelgiji banaenda ku makaburi," alisema kwa Kiswahili chake cha zamani. "Twende. Kukaa peke yako si muzuri."

Tulipanda basi hadi Evere. Watu walijaa na maua yao, wazee, wake kwa waume, watoto wenye makoti mapya. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kwenda. Lutgarde alipanguza jiwe la Georges kwa kitambaa alichokuja nacho, akamweleza habari za mabomba ya maji yaliyovuja nyumbani, bila haya, kama vile yuko naye mezani. Kisha akanipa chungu cha pili.

"Weka penye unataka."

Sikuwa na mahali. Nilizunguka na chungu kile kifuani mpaka nikachoka, nikakiweka kwa Mbelgiji mmoja ambaye hakuwa na mgeni, na hapo nikalia. Nililia kwa sauti, katikati ya watu, nikijifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Hakuna aliyenishika bega kunitoa nje. Lutgarde alisimama kando yangu tu, mkoba wake umening'inia mkononi.

Nilipotulia nikakumbuka kwamba niko Evere, na Evere anakaa Florent.

Florent ndiye pekee ambaye sikuwa nimemwuliza. Ni kijana wa ofisini, mwenye mke na mtoto, mpole, asiyependa kushika kipaza sauti. Siku ile hospitalini yeye alisimama kichwani pa kitanda, akishikilia mto. Baada ya kifo hakuonekana tena, si kwa Ghislain, si kwa Michelle. Nilimpigia simu mara nyingi na hakupokea. Nilimwambia Lutgarde atangulie nyumbani, nikatembea hadi kwenye jengo lake, nikabonyeza kengele.

"Ni nani?" Sauti ilitoka kwenye kile kidude cha ukutani, ya mtu asiyetaka mgeni.

"Ni mi. Maman Pasteur."

Nikabonyeza tena. Nikadhani ameondoka. Halafu mlango ukafunguka.

Mke wake na mtoto walikuwa wamekwenda Liège kwa wakwe. Sebuleni mapazia yalikuwa yamevutwa, kama yale yangu. Florent alikuwa amekonda. Alinipa kiti kizuri, akaniletea chai, akakaa mbali, karibu na mlango, mikono katikati ya magoti.

"Florent, mi siko na hasira," nikamwambia, na haikuwa kweli sana. "Niko na swali moja. Alisema nini?"

"Ya Ghislain haukusikia, Maman?"

"Nilisikia ya Ghislain. Nilisikia ya Michelle. Sasa nataka yako."

Alitazama zulia. Alikaa hivyo hadi nikaona matone yanamdondoka kwenye mikono, naye hayafuti.

"Hakusema neno ya kanisa," alisema hatimaye. "Hakusema mwangaza. Alisema: Muniitie bibi yangu."

Kikombe nilikiweka chini. Kwetu bibi ni mke.

"Mi nilisikia, sababu nilikuwa karibu na kinywa yake. Nikamwambia Ghislain: anaita bibi yake. Ghislain akasema hapana, ile ni roho ya kifo, inataka aage. Alisema tupandishe sauti. Alors, tulipandisha. Pasteur alirudilia. Alirudilia tena. Alikuwa anaangalia mulango. Na mi pia nilipandisha, Maman. Nilisikia vizuri, na nilipandisha."

Nilitaka kumpiga. Sisemi kwa mfano. Mkono wenyewe uliinuka. Lakini nilikumbuka nilivyokuwa siku ile, na mkono ukarudi mapajani.

"Mi nilikuwa nyuma ya ile mulango," nikamwambia. "Nilisikia sauti yenu tu. Kila mara mulisema tunakataa, mi nilikuwa nasema Amina."

Florent akainua uso. Tukatazamana, watu wawili tuliomziba mtu mmoja kinywa, yeye ndani na mimi nje. Hapakuwa na la kumfariji wala la kunifariji. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile kujiona nimekaa na mtu. Wengine walikuwa wameniletea maneno ya kunyanyua kanisa. Huyu aliniletea mume wangu, mgonjwa, mwenye hofu, anayemtaka mke wake tu.

"Alisema bibi yangu, basi?" nikamwuliza.

"Mara ya kwanza. Kisha aliita jina."

"Jina gani?"

"Jina yako, Maman Pasteur."

"Sema vile alisema."

Alishtuka, kana kwamba nimemwomba avue nguo. Kwetu kijana hatamki jina la mke wa mchungaji mbele yake, hata la mama yeyote wa rika langu. Anasema Maman na anaishia hapo. Katika mji huu mzima mimi ni Maman Pasteur kwa watu wa kanisa, na Madame Banza kwa majirani na karani wa manispaa. Jina langu alikuwa nalo mtu mmoja, naye alilitumia nyumbani tu, milango ikishafungwa.

"Siwezi, Maman. Franchement, siwezi."

"Mulimufunga kinywa, Florent. Sasa wewe umupatie yako."

Kisha akasimama, akaweka shati lake vizuri, akatazama ukuta ulio nyuma yangu ili asinitazame mimi.

"Thérèse," akasema, polepole, kwa pumzi ya mtu aliyechoka. Akarudia: "Thérèse."

"Niko apa," nikaitika. "Niko apa, Éliézer. Nimekuya."