Ukuta wa Upande wa Jenifer

Teodori alikuwa fundi matofali pale Mazwi, Sumbawanga. Alichukua majivu ya pumba kwenye mashine za mpunga, akayachanganya na saruji, mchanga na povu la sabuni maalumu, akapata tofali jepesi ajabu. Watu walimcheka. "Majivu yajenge nyumba?" Aliyeyachekecha majivu hayo kila asubuhi, khanga imemfunika pua, ni mkewe Anjela.

Siku moja waliingiza tofali lao na la saruji tupu ndani ya tanuri. Baada ya saa tatu lile la saruji lilikuwa limepasuka vipande. Lao lilibadilika rangi tu. Anjela alicheka hadi akakaa chini.

"Sasa tujengee chumba chetu, mume wangu."

"Wateja kwanza. Mwezi ujao, mama."

Chumba chao kilikuwa cha mbao, kimeshikana na nyumba ya jirani yao Jenifer, ambaye Teodori alimjengea ukuta wa matofali yale upande huo. Mwezi ujao ukawa miaka miwili.

Mchana mmoja wa Agosti, upepo ukivuma, Teodori akiwa kazini mtaa wa Majengo, jiko la mafuta ya taa lililobandikwa uji lililipuka chumbani kwao. Anjela alikuwa amelala, malaria imemlegeza. Teodori alifika kwa bodaboda, akakuta mabati yamelala juu ya makaa. Jirani yake Abel alimkamata mikono yote miwili.

"Usiingie, kaka. Tumechelewa."

Baada ya mazishi, Jenifer alimfuata msibani.

"Shemeji, wanangu wawili walikuwa wamelala nyuma ya ule ukuta. Moto uliwaka upande wa pili karibu saa nzima. Nilipofika kuwatoa niligusa ukuta, ulikuwa vuguvugu tu. Sijui nikwambie ahsante au pole."

Teodori aliinuka, akaenda naye hadi chumba kile, akaweka kiganja ukutani.

"Majivu haya aliyachekecha Anjela," alisema. Akaketi sakafuni, akalia. Jenifer aliketi kando yake.

Habari za ukuta zilienea, wateja wakaja hadi kutoka kijiji cha Mollo. Aliwajengea wote, na kila mara alianza na chumba cha kulala, hata mteja akitaka duka kwanza. Kiwanja chake mwenyewe alikiacha kitupu. Abel alipomuuliza atajenga lini, alijibu, "Aliyeniomba hayupo."