Kikombe Chekundu cha Kaka

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, na mvuke wake ulikuwa mzito hivi kwamba ukimsalimia mwenzako ulikuwa unaisalimia sauti tu. Humo ndimo Mama Povu, kama wenzake walivyomwita, alikuwa amefua mashuka miaka kumi na mmoja. Alasiri, mashine zote zikiunguruma pamoja, alijiona kama anaelea, miguu haigusi sakafu, mawazo yakizunguka polepole pamoja na mashuka nyuma ya kioo.

Siku hiyo mashine zilizimwa. Muuguzi mmoja mwenye sauti ya chini alipindua kapu tupu, akalikalia. Wiki iliyopita sindano ilikutwa ndani ya shuka, hivyo kila mfanyakazi wa pale angeelezwa habari za homa ya ini aina ya B, kisha anayetaka apimwe.

"Kirusi hiki kinakaa kwenye damu," alisema. "Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Kuna sindano, kuna wembe wa kuazimana, kuna kulala pamoja bila kinga. Lakini kula pamoja, kushikana mikono, kunywea kikombe kimoja, hapana."

Mpiga pasi, mtu asiyeacha jambo lipite bila neno, aliinua mkono. "Na kukumbatiana je, Sista? Maana mke wangu anatafuta sababu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Povu hakucheka.

"Sista," alisema, "hebu rudia hapo kwenye kikombe."

Muuguzi akarudia. 

Nyumbani alikuwa anaishi na binti yake na kaka yake mkubwa, fundi rangi. Miaka miwili nyuma daktari mmoja alimwambia kaka yule ana homa ya ini, haina dawa, aende akapumzike. Basi Mama Povu akanunua kikombe chekundu, sahani na kijiko, akaviweka kwenye dirisha la chumba cha kaka. Akamkataza binti kumkaribia mjomba wake. Kaka hakubisha. Alianza kula peke yake, na taratibu akawa kama mpangaji ndani ya nyumba aliyoipaka rangi kwa mikono yake.

Wenzake walipotawanyika, Mama Povu alimfuata muuguzi. "Na aliyeambiwa haina dawa?"

"Hakuambiwa sawasawa. Hakuna dawa ya kukifuta kabisa, lakini kipo kidonge cha kila siku kinachokituliza. Si kila mtu anakihitaji, ila kila mtu lazima afuatiliwe. Hata sisi wauguzi na madaktari ndiyo kwanza tunafundishwa upya. Mlete."

Alirudi nyumbani kwa miguu, na mtaa mzima ulionekana kama uko chini ya maji: watu wakipita kimya, midomo ikicheza, kengele ya baiskeli ikilia mbali sana. Alimkuta kaka ameketi mlangoni kwake, chai mkononi. Akakichukua kile kikombe chekundu, akapiga funda kubwa.

"We! Umechanganyikiwa?" Kaka aliruka.

"Hakiambukizi, kaka. Hakijawahi kuambukiza." Akamweleza yote, maneno yakigongana mdomoni.

Kaka aliketi tena. "Nilidhani umenichoka," alisema.

"Niliogopa. Nikakukimbia tukiwa nyumba moja. Nisamehe."

Asubuhi yake waliongozana hospitali. Kaka alitolewa damu ya vipimo vikubwa. Mama Povu alichomwa kidole tu, tone moja likawekwa kwenye kipimo kidogo cheupe. Mstari ukatokea. Kisha, taratibu kama mtu anayetokea kwenye mvuke, ukatokea wa pili.

"Na wewe unacho, dada," muuguzi alisema. "Huenda mlikipata wote kwa mama yenu, siku mlipozaliwa."

Alimwona marehemu mama yao vizuri, kama yuko pale chumbani: macho ya njano, tumbo limejaa, na majirani wakinong'ona kuwa amerogwa. Kumbe. Machozi yakamtoka. "Miaka miwili nimekutenga," alimwambia kaka, "na mimi nimekibeba hicho hicho."

Kaka alimshika bega. "Sasa wewe tukununulie kikombe rangi gani?"

Alicheka katikati ya machozi, mpaka muuguzi naye akacheka.

Majibu ya kaka yalionyesha ini limeanza kuumia, akaanzishiwa vidonge. Mama Povu hakuhitaji dawa bado. Aliambiwa arudi kila miezi sita, asikose. Binti alipimwa, akakutwa salama, akachomwa sindano ya kwanza kati ya tatu za chanjo. Alilalamika njia nzima kama aliyekatwa mkono.

Jumapili iliyofuata walikula mezani wote watatu. Mwanga wa mchana uliingia kwa uvivu, kila mtu akimwangalia mwenzake kwa wizi.

"Mjomba," binti aliuliza, "mbona siku zote ulikuwa unakula chumbani?"

Mama Povu aliacha kutafuna.

"Nilikuwa safari," kaka akajibu.

"Safari ya wapi?"

"Si mbali. Hebu nisogezee chumvi."

Binti akasogeza chumvi, na kiti chake pia.