Ukuta Wenye Tumbo

Bryony ndiye aliyeliona ghala kwanza. Yeye na mumewe Garth walikuwa wakimtafuta kondoo wa mzee Alderson aliyepotelea kwenye ukungu, wakamkuta kajibanza ndani ya ghala kuukuu la mawe, katikati ya malisho, anatafuna nyasi za miaka iliyopita kama mwenye nyumba. Paa lilikuwa limetoboka upande mmoja. Juu palikuwa pa kuwekea nyasi, chini pa ng'ombe, na harufu ya ng'ombe ilikuwa bado imo ingawa wa mwisho wao alitoka humo kabla Bryony hajazaliwa. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka shingoni, akasema polepole, "Garth, dirisha la jikoni lingekaa pale."

Garth akacheka. "Hata chai ya asubuhi hujanywa, wewe umeshapika."

Lakini naye alikuwa ameanza kupima sakafu kwa hatua.

Mzee Alderson hakuwa na mtoto wa kumwachia, akawauzia bila maneno mengi. "Chukueni, wanangu. Mimi na kondoo tumeshindwa na baridi ya humo, labda nyinyi mna damu ya moto."

Tangu utotoni Bryony alihamahama katika nyumba za watu. Kila mwenye nyumba alipogundua kwamba wageni wa likizo wanalipa zaidi, mama yake alifunga mizigo. Kitu pekee kilichowafuata kila mahali kilikuwa kabati kubwa la sahani la bibi yake. Sasa kabati lilikuwa kwenye banda la mzee Alderson, limefunikwa turubai, na Bryony alikuwa ameshalichagulia mahali, ukuta wa kaskazini, karibu na jiko.

Katika bonde lile nyumba mpya hairuhusiwi. Vilima vinatakiwa vionekane kama vilivyokuwa enzi za mababu. Ila ghala la zamani unaweza kuligeuza makazi, ukipata kibali cha halmashauri. Waliomba, wakahamia kwenye trela, kijumba cha magurudumu, kando ya ghala, wakangoja miezi kumi na minne. Barua ilipofika Bryony aliisoma kwa sauti mezani, sharti moja baada ya jingine. Sharti la nne lilisema kuta zote nne zibaki.

"Zitakwenda wapi?" Garth aliuliza, mdomo umejaa mkate. "Ziko hapo miaka mia mbili."

Kwa hiyo wakalipita.

Ukuta wa kaskazini ulikuwa na tumbo. Ulibenuka kwa nje, mawe ya katikati yamesukumwa na baridi ya miaka. Garth alikuwa fundi wa kuta za mawe kama baba yake na babu yake, na kila alipopita pale alitazama pembeni kama mtu anayeonyeshwa jambo la aibu. Kule kwao kuta za malisho, mawe matupu bila saruji, huanguka kila mwaka kwa theluji na kwa kondoo. Masika watu huokota mawe yale yale, huyapanga tena, na jioni ukuta ni ule ule. Hakuna anayesema umejengwa mpya. Ukuta wa babu yake Garth ulikuwa umeanguka mara zisizohesabika, na mpaka leo ni ukuta wa babu.

"Nikiliacha hili litatuangukia," Garth alisema. "Naushusha, naurudisha. Mawe yale yale."

"Una uhakika?"

"Bryony, hii ndiyo kazi yangu."

Bryony hakuuliza tena. Yeye ndiye aliyeshika chaki, akaandika namba kwenye kila jiwe. Waliegemeza paa kwa magogo, wakashusha ukuta jiwe kwa jiwe. Mzee Alderson alikuja kutazama, mikono mfukoni.

"Mnayaandika yasiibwe? Tumbo hilo nimelikuta toka niko mdogo, wakati mimi mwenyewe sina bado." Akajipiga la kwake.

Siku ya tisa ukuta ulikuwa umefika mabegani, umenyooka kama uzi. Siku hiyo ndiyo alikuja bwana Coates wa halmashauri. Alitembea kuuzunguka, akapitisha kiganja juu ya mawe.

"Nani amejenga huu?"

"Mimi," alisema Garth.

"Mzuri sana."

Bryony alihisi mashavu yakipata moto kwa furaha. Alikimbilia trela kutenga chai. Aliporudi, bwana Coates alikuwa amevua kofia.

"Mliubomoa," alisema.

"Nimeushusha, nikaurudisha. Angalia, hata namba zipo."

"Bwana Garth, kibali ni cha kugeuza ghala lililosimama. Ukuta ukishabomolewa, kisheria ghala halipo tena. Hii sasa ni nyumba mpya."

"Lakini lipo," Bryony alisema. "Umeliegemea."

Bwana Coates aligeuka, akaliona bega lake juu ya mawe. "Nimeliegemea, dada."

"Basi?"

"Basi sina la kufanya."

"Na tungeliacha tumbo?" Garth aliuliza.

"Tumbo halikuwa na kosa. Mngeniuliza, tungelitia vyuma likakaa hivyo hivyo."

"Si ufanye kama hujaona," Bryony alisema. Sauti yake ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Picha za mwanzo zimo ofisini, dada. Mnaweza kuomba upya, ila nisiwadanganye, hamtapewa. Na trela nayo iliruhusiwa kwa ajili ya kazi. Kazi ikisimama, nayo iondoke, kabla ya mwisho wa mwezi."

"Na ghala hili lenyewe?"

"Kama banda la mifugo, hakuna atakayewauliza."

Alikunywa chai yote, akasuuza kikombe mwenyewe, akaondoka taratibu kama anayetoka msibani. Bryony alitafuta wa kumkasirikia. Alimtazama Garth, akaona chaki kwenye vidole vyake mwenyewe.

Asubuhi mvua ilinyesha. Garth alipanda tena ukutani.

"Unamjengea nani?" Bryony aliuliza.

"Hauwezi kuachwa mabegani, mke wangu. Utaanguka."

Bryony akawa anampa mawe kwa namba zake, na namba zikafutika kwa maji mikononi mwao. Mzee Alderson alifika, akasimama mbali kidogo.

"Lile kabati lisikusumbue, mwanangu," alisema. "Likae kwangu tu."

"Asante, mzee."

Nyuma yake kondoo mmoja alipita mlangoni akikimbia mvua, akajikung'uta, akasimama pale pa dirisha la jikoni. Bryony alinyanyua mkono kumfukuza. Kisha akakumbuka kwamba wa kuondoka si kondoo, akaushusha mkono, akainama kutafuta jiwe linalofuata.