Gauni la Kuongelea na Simu

Chumba cha nguo cha madam, pale Aziziya, Jeddah, kilikuwa kikubwa hivi kwamba mfanyakazi aliyemtangulia Damaris aliingia humo kutafuta soksi mwezi wa Rajabu, akatoka watu wamefunga Ramadhani. Asiyeamini akaulize majirani. Magauni mengine yalikuwa na lebo zikining'inia shingoni, hayajawahi kuonja jasho la mtu. Kila madam alipochoka kuyaona alimwita Damaris, akayaangusha mikononi mwake, akasema halas, basi, chukua. Damaris aliyakunja kwenye katoni, na katoni ikijaa inatumwa nyumbani, Vihiga, kwa mama yake.

Na mama aliyavaa. Damaris aliona kwa macho yake mwenyewe. Ijumaa akipiga simu ya video, mama anatokea ameketi uani, mgongo ukutani, anachambua maharagwe ndani ya gauni la dhahabu linalometameta toka shingoni mpaka miguuni. Siku moja lilipigwa na jua sawasawa, jogoo wa jirani akadhani kumekucha mara ya pili, akawika saa tisa alasiri, na nyumba nzima ya pili ikabandika chai ya asubuhi. Damaris alicheka wiki nzima kwa hilo. Wiki iliyofuata akatuma jingine, la fedha.

Siku mama alipofariki, Laban, kaka yake mkubwa, alimpigia simu Damaris akiwa anapiga pasi. Damaris alisikiliza, akauliza watazika lini, akamalizia shati la bosi, kola na mikono yote miwili. Machozi hayakuja. Mwili wake ulikuwa kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: unajua ni wako, lakini ukiubonyeza hausemi kitu. Kusafiri hakuwezekani, kafili, bosi mwenye mkataba wake, alisema mpaka apatikane wa kushika nafasi yake. Lakini katika ukoo wao binti mkubwa ndiye anayemvisha mama yake mara ya mwisho, na Laban alimkumbusha hilo kwa kirefu. Nguo itoke Saudia. Watu wanasubiri kuiona.

Madam alimpa pole, akamfungulia chumba achague lolote. Damaris alipita katikati ya hariri kama mtu anayepita kwenye stoo ya saruji. Akatoa la kijani, refu, lebo juu. Akajipimia mwenyewe mbele ya kioo, kwa kuwa mama hakuwepo wa kupimwa, akaona linatosha.

Mpango ulikuwa rahisi. Reuben, dereva wa nyumba hiyo na Mkenya mwenzake, alikuwa anampeleka bosi Riyadh. Huko, mtaa wa Al-Suwaidi, kulikuwa na Carol, msichana wa kijiji cha pili kutoka kwao, anayerudi Kenya likizo jioni ya siku ile, ambaye angelibeba gauni. Bosi alilala kiti cha nyuma, gauni likakaa mbele, likafungwa mkanda, na Reuben anaapa kwamba kwenye kizuizi askari aliliambia salamu aleikum.

Likiwa njiani, Winfred akapiga simu. Winfred ndiye mdogo wao wa kike, aliyebaki nyumbani na mama. Alitaka kujua gauni lina upana gani. Damaris akamwambia ni kama lile la dhahabu.

Winfred akasema lile la dhahabu halikuwa linafungika. Mgongo wote ulikuwa wazi. Yeye ndiye aliyekuwa analishikiza kwa pini, mama anaegemea ukuta ili lisionekane. Simu ikikatwa tu, mama analivua, analikunja, analirudisha kwenye katoni.

"Na yale mengine?"

"Yote yako hapa, dada. Mapya. Alikuwa anayaita nguo za simu. Alisema ukimwona ndani yake unacheka."

"Sasa kila siku alikuwa anavaa nini?"

"Si ni lile la kahawia."

Damaris hakulijua lile la kahawia. Winfred akashangaa, akamweleza. Mama alilinunua mtumba sokoni, baada ya Damaris kuondoka, kitambaa kizito. Kola ilipochakaa aliigeuza. Mifuko ilipotoboka aliishona mingine kwa gunia la unga. Alililimia, akalifua, akaliendea kanisani, na mtu akiliona tu kule juu kwenye njia ya mtoni anajua huyo ni nani.

Damaris alimpigia Reuben. Alikuwa ameshafika kwenye geti la Carol, na Carol mwenyewe amesimama na sanduku lake.

"Usimpe," Damaris akasema.

"Nisimpe? Nimeliendesha jangwa zima. Watu watasema nini, wewe? Uko Saudia, halafu mzazi azikwe na nguo ya shamba?"

"Watasema. Rudi nalo."

Laban alikuwa kazi nyingine. Aliongea aibu, akaongea wazee wa kanisa, akauliza kama hilo gauni analiwekea harusi yake. Damaris alimwacha aongee huku anakunja mashuka. Hakukasirika, hata hasira ilikuwa mbali, kama redio ya nyumba ya jirani. Laban alipochoka, Damaris akamwambia:

"Mama hatakuwa kwenye simu, Laban. Mvisheni nguo yake."

Mwishowe Laban akasema basi Winfred alifue vizuri.

La kijani lilirudi Jeddah. Madam aliuliza kulikoni, Damaris akasema halikutosha. Mafi mushkila, hakuna shida, madam akasema, akalitundika mahali pake, na mpaka leo liko pale na lebo yake.

Siku ya mazishi Winfred alishikilia simu juu ya jeneza. Damaris alikuwa chumba cha kufulia, amesimama. Aliuangalia uso wa mama yake, na ndani yake hakukusogea kitu.

"Shusha," akasema.

Winfred alidhani mtandao unasumbua.

"Shusha simu chini, niione nguo."

Ilikuwa imepigwa pasi. Begani palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa, ya mtu asiyeona vizuri.

"Hapo nani alishona?"

"Yeye mwenyewe. Mwaka huu, Pasaka."

"Nionyeshe mfuko."

Winfred akamwonyesha. Herufi za gunia zilikuwa zimefifia. Nyuma yake Laban alikohoa. Mstari wa watu ulikuwa mrefu, na mchungaji ameshafungua kitabu. Damaris aliusogeza uso karibu na simu, akapita kwa macho kwenye pindo, kwenye kola iliyogeuzwa, akarudi kwenye kiraka.

"Dada, wanataka kufunika."

"Haya," akasema. "Wafunike."