Kuku wa Manyoya Mia Sita

Kuku yule alikuwa na manyoya mia sita na kumi na mawili, na kila mtu nyumbani kwa Mama Pini aliijua idadi hiyo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameyashika kwa mkono wake. Yalikatwa kwenye mashati ya mitumba ambayo wifi yake alishindwa kuyauza sokoni: yenye madoa kwapani, yenye kola zilizolika, yenye majina ya kampuni zisizojulikana na mtu. Mama mkwe alikata. Watoto walipanga kwa rangi. Wifi alishona, ulimi ukienda mbio kuliko sindano. Kwa wiki tatu kuku alilala juu ya kabati bila kichwa, na kila aliyefungua mlango alishtuka, hata kama jana yake alikuwa ameshtuka vilevile.

Mama Pini alikuwa mvishaji katika ukumbi wa maigizo. Jina alilipata kwa sababu ya pini alizobana midomoni akiwa kazini, hata waigizaji wakazoea kuamrishwa kwa nyusi. Kazi ya mvishaji si kushona tu. Ni kusimama nyuma ya pazia, nguo imefunguliwa tayari, na kumgeuza mtu mmoja kuwa mwingine kabla watazamaji hawajaanza kumuulizia. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo yote, hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kukalia hata kimoja kati ya viti mia tatu na arobaini vya ukumbi ule.

Sababu haikuwa fumbo. Tiketi moja ilikuwa sawa na chakula cha nyumba nzima kwa siku mbili, na nyumba nzima, yeye kando, ilikuwa watu kumi na mmoja. Siku ishirini na mbili za njaa kwa saa moja na nusu ya mchezo: hesabu hiyo haikuhitaji karatasi.

"Sisi tunafuga kuku," wifi alisema uliposhonwa unyoya wa mwisho, "mayai wanakula wengine."

"Mkono wako upo kwenye kila bawa, wifi."

"Basi mkono wangu ukatazame, kisha uje unisimulie."

Mama mkwe aliweka mkasi chini. Alimtazama kuku akifungwa ndani ya shuka na kutolewa nje, kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyejua kama atarudi.

Mambo yaliharibika Jumatatu, siku tano kabla ya mchezo kufunguliwa. Hadithi ilikuwa ya mfalme mlafi aliyekula mayai yote ya nchi yake mpaka akageuka kuku. Mfalme anatoka upande wa kulia; mpambe wake anabaki peke yake jukwaani, anakalia kiti cha enzi, anaonja mkate wa bwana wake, anafuta makombo kwa mkono wa kanzu; halafu kuku anaingia. Kuanzia mfalme anapotoka mpaka kuku anapotakiwa, Mama Pini alihesabu sekunde ishirini na mbili. Kuvua taji na joho, kuvaa mwili wa kuku, kichwa na miguu, alihesabu thelathini na nane. Walijaribu mara tano. Mara tano Mzee Sauti, mwigizaji mkongwe aliyeigiza mfalme, aliingia akiwa na mguu mmoja wa kuku na mwingine wa kifalme, au mgongo wazi na fulana nje.

Mwongozaji alikuwa mama mkali asiyepoteza maneno. "Kuku ninamfuta," alisema. "Tutachora mwingine kwenye ubao, asukumwe ndani kwa magurudumu."

Mama Pini akaanza kutoa pini midomoni, moja baada ya nyingine. Wote wakamgeukia, kwa maana zilikuwa saba na hakuwahi kuzitoa zote kwa jambo dogo.

"Mwalimu, hesabu hiyo ni sahihi kwa ukumbi mtupu," alisema. "Lakini mpambe akikalia kile kiti, watu watacheka, naye hawezi kuendelea mpaka wanyamaze. Kicheko cha ukumbi uliojaa kinafika kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Nimekisikiliza miaka kumi na tisa. Kule nyuma hakuna kingine cha kutazama."

"Siwezi kuuegemeza mchezo kwenye kicheko ambacho hakipo."

"Basi tukilete. Alhamisi ni mazoezi ya mwisho, mavazi na taa. Jaza viti. Kikitosha, kuku abaki. Kisipotosha, mkasi nitashika mimi mwenyewe."

"Nijaze kwa nani?" aliuliza Meneja wa ukumbi, kijana nadhifu aliyesimama mlangoni na funguo zake. "Alhamisi saa tisa mchana watu wako kazini."

"Watu wako ndio wako kazini. Wangu wanatoka sokoni saa saba, na watoto wametoka shule. Tiketi moja kwa kaya nzima, bei ya mkate mmoja."

Meneja alicheka. "Mama, nikiuza kwa mkate Alhamisi, Jumamosi nani atanunua kwa bei kamili?"

"Walewale wanaonunua sasa. Jumamosi iliyopita uliuza viti mia na tisini. Mia na hamsini vilikuwa wazi, na kiti kitupu hakijawahi kununua hata balbu. Unaogopa majirani zangu watahama kutoka kiti ghali kwenda kiti rahisi. Hawana kiti cha kuhama, Meneja."

"Na kwa nini isiwe jioni, kama kawaida?"

"Mchana wanarudi kwa miguu. Jioni watapanda gari, na nauli ya watu kumi ni tiketi nyingine."

Meneja alipenda hesabu, na hesabu nzuri hakuweza kuichukia hata ilipomshinda. Alimtazama Mwongozaji. Mwongozaji alitazama saa yake, akasema, "Mpaka Alhamisi."

Jioni ile ile Meneja aliandika tangazo kwa mkono wake: *Tiketi moja, kaya moja, bei ya mkate.* Hakuandika kaya ni watu wangapi. Yeye aliishi na mkewe na mtoto mmoja, na swali hilo halikumjia kichwani.

Lilimjia Alhamisi mlangoni. Wifi alikuwa wa kwanza kwenye mstari, mama mkwe kando yake katika gauni la kuendea harusi za watu, na nyuma yao mkia wa watoto waliopakwa mafuta mpaka magotini. Mama Pini alikuwa amesimama pembeni ya Meneja, pini mdomoni, akingoja kengele ya kwanza ya kumwita nyuma.

"Tiketi moja," wifi alisema.

"Mko wangapi?"

"Kaya."

"Nauliza watu, mama."

"Hukuuliza kwenye karatasi, usiulize mlangoni."

"Kaya ni baba, mama na watoto."

"Baba ametangulia, Mungu amrehemu. Unataka nikupunguzie kitu?" Wifi alianza kunyoosha kidole. "Huyu ni mama yangu mzazi. Hawa wanne ni wa marehemu kaka yangu na huyo mwenye pini hapo kando yako. Hawa watatu ni wangu. Hawa wawili ni wa mdogo wangu aliyesafiri, wanalala kwetu na wanakula kwetu, tena wanakula sana. Nionyeshe asiyekula kwetu, nimrudishe mwenyewe."

Meneja alihesabu kumi na mmoja. Alimgeukia Mama Pini, naye akainua unyusi mmoja.

"Piteni," Meneja alisema. "Lakini wadogo wapakatwe."

"Wangepakatwa hata bila amri yako. Viti vyenyewe vyembamba hivyo."

Nyuma yao ilikuja kaya ya watu tisa, kisha ya saba, kisha moja ya watu kumi na wanne iliyomfanya Meneja afungue kinywa na kukifunga tena. Watoto walisukumana wakielekezana viti. "Mfalme anageuka kuku," kitindamimba wa wifi alimwambia mwenzake, "na sisi ndio tuliomshona." Mama Pini alilisikia neno hilo, akatabasamu, akalipita. Baadaye alikiri kwamba hapo ndipo alipokosea.

Saa tisa kasorobo Meneja alihesabu watu mia tatu na sitini na mmoja, pamoja na waliopakatwa. Kengele ikalia. Mama Pini akaenda nyuma, akaning'iniza kuku, zipu wazi, miguu imeelekezwa mbele.

Mchezo ulianza vizuri. Watu walicheka mfalme alipolamba sahani, wakacheka tena mpambe alipolambishwa. Mama Pini alipima kila kicheko kwa sikio: kumi, kumi na mbili, kumi na saba. Kilitosha, tena kwa ziada. Alizipanga pini zake bila haraka.

Mzee Sauti akaingia nyuma akihema. Moja, mbili: taji. Nne, tano, sita: joho. Kule mbele mpambe alikalia kiti cha enzi.

Hakuna aliyecheka.

Kumi. Mpambe akauma mkate. Kimya. Ulikuwa ukimya wa watu mia tatu na sitini wanaozuia pumzi, na Mama Pini akauelewa mara moja. Watoto wa nyumbani kwake walikuwa wameuambia mtaa mzima. Hakuna aliyekuwa na habari na mpambe wala mkate. Wote walikuwa wakikodolea macho upande wa kulia, wakimngoja kuku. Waliomshona walikuwa wamekimaliza kicheko chake kabla hakijachekwa.

Kumi na tano. Mpambe, kwa kukosa kicheko, akaongeza mwendo. Ishirini. Kiwiliwili kilikuwa kimeingia mikono tu. Kichwa kilikuwa bado kwenye ndoano. Mzee Sauti alinong'ona, "Niende hivi hivi?"

Mama Pini alitikisa kichwa akaendelea kufunga zipu. Mikono haikujua kwamba mambo yameharibika, ilijua zipu.

Ishirini na mbili. Mpambe alisimama katikati ya jukwaa, hana mkate, hana neno.

Ndipo sauti moja ikapanda kutoka safu ya tatu, sauti iliyozoea kuuza mashati juu ya kelele za soko zima.

"Wewe kuku! Toka basi! Unasubiri posho?"

Ukumbi ukapasuka. Kilikuwa kicheko ambacho Mama Pini hakuwahi kukisikia: kilipanda, kikashuka, kikapandishwa tena na watoto waliokuwa wameanza kuita, "Kuku! Kuku! Kuku!" wakipiga miguu sakafuni. Mpambe, mwigizaji mwenye akili, akachungulia chini ya kiti cha enzi. Wakapiga kelele kwamba hayupo huko. Akachungulia ndani ya kofia yake mwenyewe. Thelathini. Kichwa kikaingia. Thelathini na tano, mguu wa kushoto. Thelathini na nane, wa kulia.

"Tayari," Mama Pini alisema.

Mzee Sauti hakusogea. "Acha waniite kidogo," alijibu ndani ya mdomo wa kuku.

Aliingia kwenye hesabu ya hamsini na moja. Kelele iliyompokea ilitikisa pazia, na Mama Pini akalishika kwa mikono miwili lisimfunue.

Mchezo ulipokwisha, Mwongozaji alikuja nyuma. "Kuku anabaki," alisema. "Lakini nina tatizo jipya. Jumamosi nitakuwa na watu mia na tisini wenye adabu, hakuna hata mmoja atakayemwita. Sasa siutaki mchezo bila kuitwa kule." Alimgeukia Meneja. "Vile viti mia na hamsini wape kaya. Na Jumamosi iwe saa tisa mchana."

"Kila Jumamosi?"

"Maadamu nina kuku."

Meneja alifikiri. Mkate mmoja kwa kaya, mara kaya kumi na tano. Haikuwa fedha nyingi, lakini ilikuwa zaidi ya sifuri aliyokuwa akiipata. "Sawa. Ila safari hii naandika mwisho. Kaya isizidi watu kumi na wawili."

"Ya kwangu ina kumi na mmoja bila mimi," Mama Pini alisema. "Andika."

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama, na mlangoni kitindamimba alikuwa akiwatagia wenzake yai. Ndani wifi alikuwa ameshavua viatu.

"Mlinivunjia mchezo na watoto wenu, kisha wewe ukaujenga," Mama Pini alimwambia. "Sijui nikutukane au nikushukuru."

"Anza na shukrani. Matusi tutayakuta palepale." Wifi alichukua kopo la sindano. "Mfalme wenu ana mguu mwembamba, lakini kaigiza. Na kuna unyoya umelegea, chini ya bawa la kushoto, ule wa shati la mistari. Nimeuona kutoka safu ya tatu. Mlete kesho niushone, Jumamosi watu wasije wakasema tumefanya kazi ovyo."

Mama Pini aliketi. Alimvalisha kuku yule mara nyingi, lakini hakuwahi kumwona kutoka mbele, na aliyewahi kumwona alikuwa kando yake kwenye kiti cha kamba, bado na gauni lake la kuendea harusi.

"Mama," aliuliza, "alikuwaje?"

Mama mkwe alifikiri, kwa maana hakupenda kusema jambo asilo na uhakika nalo.

"Mkubwa," alisema. "Juu ya kabati hakuonekana mkubwa hivyo."